Deni kwa Kasuku

Mwalimu akitaka kumkemea mwanafunzi aliyekariri asichokielewa, humwambia kwamba amekuwa kasuku. Neno hili hupita madarasani kila siku, wala hapana anayeuliza kama ndege huyo anastahili kufanywa tusi. Picha yake imo juu ya jalada la daftari ambalo wengi wenu mmepata kuliandikia hesabu, na jina lake limo juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia ambao, ukiisha mafuta, hugeuka kuwa kipimo cha maharagwe sokoni. Kasuku tunamtaja, tunamchora, tunamfanya kipimo. Walakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza kasuku mwenyewe ni nani, na ni kitu gani anachotudai. Swali ninaloliweka mbele yako, msomaji, ni hili la mwisho.

Hapa Runyenjes, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, kasuku wa porini si mgeni kabisa. Yuko yule wa kijani mwenye paji jekundu aishiye katika misitu ya mlima, ambaye husikika kabla hajaonekana, maana huruka juu huku akipiga kelele kama mtu aliyechelewa safari. Chini kwenye nchi kavu, mathalani katika Mbuga ya Taifa ya Meru, yuko mwingine mdogo wa rangi ya udongo, na dume wake ana tumbo la rangi ya chungwa. Hawa hawatudai kitu ila kuachiwa miti yao. Kasuku wa swali letu ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye nchi yake ni ukanda wa misitu uanzao Afrika ya Magharibi, ukapita Kongo, ukafika Uganda na kingo za Tanzania na Kenya. Kwetu Kenya alifika msitu wa Kakamega, na huko amebaki kwa idadi ndogo mno. Lakini katika nyumba za Nairobi, za Mombasa, na za miji mingine, yumo, ndani ya tundu, karibu na dirisha au karibu na televisheni.

Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 hadi 60. Anayemnunua aghalabu hapigi hesabu hiyo. Hununua sauti, hununua kicheko cha wageni. Baada ya miaka michache hutambua kwamba amenunua pia ukelele wa alfajiri na wa magharibi, viti vilivyotafunwa, kinyesi cha kila siku, na mdomo ambao, kwa kuwa unaweza kupasua kokwa, unaweza pia kupasua kidole. Mwenye ndege akihamishwa kazini, au akioa mtu asiyependa makelele, au akifa, kasuku hupelekwa kwa shangazi. Kutoka kwa shangazi huenda kwa jirani. Na kwa jirani hukaa nyuma ya nyumba, karibu na jiko la kuni. Tuseme basi, kwa mfano tu, kwamba mtu mmoja wa mji huu wetu, mwenye kiwanja cha robo eka na moyo wa huruma, ameamua kuwapokea kasuku wa namna hiyo, watano au sita, kwa kibali cha serikali, awatunze mpaka mwisho. Je, amefanya wema, au amerithi dhuluma?

Niliwapa wanafunzi wangu swali hilo walijibu kwa mdomo. Msichana mmoja alisema pasipo kusita, "Mwalimu, huyo ni askari mpya wa gereza lile lile." Mvulana aliyeketi nyuma yake akasema, "Basi na afungue mlango." Majibu haya mawili yanastahili kujibiwa kwa uangalifu, nami nitajaribu, lakini kwanza inafaa tujue mfungwa aliingiaje gerezani.

Kasuku wa kijivu hulala kwa makundi makubwa, mamia na hata maelfu katika miti ya mahali pamoja. Asubuhi hutawanyika kutafuta chakula, hasa matunda ya michikichi, na jioni hurudi. Wategaji wanaijua desturi hiyo. Humchukua kasuku aliyenaswa zamani wakamfunga kwenye tawi, na kando yake hupaka ulimbo juu ya matawi au makuti. Kasuku huyo huita. Huita kwa sababu yu peke yake na anawaona wenzake wakipita juu. Nao, kwa kuwa ni viumbe wasiopuuza mwito, hushuka. Wanaposhuka, hunata. Msomaji, nimesoma habari za mitego mingi, ya nyavu, ya vitanzi na ya mashimo, lakini sijui mtego mwingine uliojengwa juu ya tabia njema kama huu. Ndoana humnasa samaki kwa njaa yake. Ulimbo huu humnasa kasuku kwa uaminifu wake kwa mwenziwe.

Wakisha kunaswa, manyoya ya mabawa hukatwa ili wasiruke, nao hurundikwa katika makasha kwa safari ndefu. Waliochunguza biashara hiyo walikadiria kuwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya ndege hufa kabla ya kupelekwa ng'ambo. Kwa hiyo kasuku aliyetolewa msituni, anayesema "Habari ya asubuhi" sebuleni, huenda amesimama juu ya kaburi la mwenziwe mmoja, na pengine wawili, ambao hawakupata kujifunza neno. Tangu mwaka 1975, ulipoanza kutumika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ujulikanao kwa jina la CITES, kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja waliotolewa porini wameandikwa katika biashara iliyo halali peke yake. Waliopitishwa kwa siri hawamo katika hesabu hiyo. Nchini Ghana, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa tangu mwaka 1992 nchi hiyo ilikuwa imepoteza kati ya asilimia 90 na 99 ya kasuku wake hao. Mwaka huo huo wa 2016 wajumbe wa mataifa walikutana Johannesburg wakakata shauri kumwingiza katika orodha ya kwanza ya mkataba, na tangu mwanzo wa mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini imekatazwa. Kwetu Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka kiumbe wa porini nyumbani pasipo kibali. Sheria hizi ni njema, na zingalikuwa njema zaidi kama zingalikuja mapema. Walakini sheria hufunga mlango wa kuingilia. Aliyekwisha kuingia bado anangoja.

Sasa turudi kwenye tusi letu la darasani. Kwa nini kasuku huiga maneno ya watu? Huko msituni kila kundi lina milio yake, na kinda hujifunza milio hiyo kwa wakubwa ili atambuliwe na ajibiwe. Kasuku aliyewekwa nyumbani amenyang'anywa kundi, akapewa watu badala yake. Naye hufanya lile ambalo angalilifanya kwao, yaani hujifunza lugha ya wale anaoishi nao. Asemapo "Karibu" mlango unapofunguliwa, huenda hajui adabu za ukarimu kama mimi na wewe, lakini si kweli kwamba anatoa sauti tupu. Anajaribu kuwa mmoja wetu.

Akili yake imepimwa. Mwaka 1977 mwanachuoni wa Kimarekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama huko Chicago, akamwita Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Alex alijifunza maneno zaidi ya 100, akatambua rangi na maumbo, akahesabu mpaka sita; na akionyeshwa vitu viwili, aliweza kusema kama vimetofautiana kwa rangi au kwa umbo. Alikufa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 31, yaani katikati ya maisha ya ndege wa aina yake. Jaribio lingine, lililofanywa katika kisiwa cha Tenerife na kutangazwa mwaka 2020, laniathiri zaidi. Kasuku walifundishwa kwamba kipande cha chuma wakimpa mtu, hulipwa kokwa. Kisha mmoja alipewa vipande lakini dirisha lake la kununulia likafungwa. Jirani yake alikuwa na dirisha wazi lakini hana kipande. Yule mwenye vipande alivipitisha kwenye kitundu kilichokuwa kati yao, kimoja baada ya kingine, akamtazama jirani yake akila. Hakuwa ameahidiwa malipo. Mwanafunzi asomaye ukurasa mzima bila kuelewa, basi, asiitwe kasuku. Jina hilo linamzidi.

Kiumbe wa namna hii akiachwa peke yake toka wenye nyumba wanapokwenda kazini mpaka wanaporudi, siku baada ya siku, hutenda jambo ambalo aliyeliona halisahau: hujinyonyoa manyoya. Huanza kifuani, akaingia chini ya mabawa, akaendelea mpaka kinabaki kichwa tu, ambacho mdomo wake hauwezi kukifikia. Maradhi na chakula kibaya huweza kuleta hali hiyo pia, na daktari wa wanyama aulizwe kwanza. Lakini upweke ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Hapo ndipo hupigiwa simu mtu kama yule wa mfano wetu, aje amchukue.

Mvulana wetu alisema afungue mlango. Neno hilo ni zuri kulisikia, na laiti lingalikuwa kweli. Fikiri, msomaji, kasuku wa kijivu aliyeachiliwa asubuhi ya mwezi wa Julai juu ya Runyenjes, wakati ukungu umelala juu ya majani ya chai. Hapana mchikichi hata mmoja anaoujua. Hapana kundi la kumjibu. Hajui mwewe, maana hakufundishwa kumwogopa. Hajui tunda gani lina sumu. Na kwa kuwa alilelewa na watu, atatua juu ya bega la mtu wa kwanza atakayemwona, naye mtu huyo atamtia tunduni tena au atampiga jiwe. Kama ana maradhi aliyoyapata katika safari zake za sokoni, atayapeleka mlimani kwa kasuku wetu wenye paji jekundu, ambao hawakuhusika na kesi hii. Tena hata ndege wanaofaulu huweza kuwa tatizo. Kwenye Ziwa Naivasha wamejaa cherero, wale kasuku wadogo wenye mdomo mwekundu, ambao asili yao ni Tanzania. Walitokana na ndege wa kufugwa walioachiliwa au waliotoroka, aina mbili zikachanganya damu, na leo hapana awezaye kuwarudisha.

Sisemi kwamba mlango haufunguliwi kamwe. Ndege walionaswa karibuni na ambao bado wanakumbuka msitu wana njia ya kurudi. Huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani waliookolewa, na kituo hicho kimepokea pia kasuku wa kijivu walionyang'anywa walanguzi. Entebbe, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, wamefikishwa wengine. Ndege wa namna hii hungojewa mpaka manyoya yaliyokatwa yaote upya, jambo liwezalo kuchukua mwaka au zaidi, wakapimwa maradhi, wakazoezwa kuruka, na kama wanafaa, wakaachiliwa kwa kundi katika nchi yao. Kasuku aliyekaa sebuleni miaka 20 si huyo. Kwake yeye mlango ulio wazi ni njia nyingine ya kumtupa.

Limebaki jibu la msichana, lililo kali zaidi: askari mpya wa gereza lile lile. Nimelifikiri sana, na naona halikosi ukweli, lakini limeacha jambo moja. Mtu akifiwa na ndugu yake akamchukua mtoto aliyeachwa, hapana anayemwuliza kwa nini aliyafanya maisha ya mtoto yawe ya yatima. Hakuyafanya. Walakini tangu siku ile aliyomshika mkono, ataulizwa kama mtoto alikula, kama alivaa, kama alipelekwa shule; na zaidi ya yote ataulizwa juu ya mbuzi na shamba alivyoachiwa mtoto yule. Sisi watu wa vijiji hivi tunamjua mlezi anayesifiwa kanisani kwa kulea yatima, kumbe anakula mbuzi wa yatima. Malezi yake ni ya kweli na wizi wake ni wa kweli, vyote viwili katika nyumba moja.

Mwokozi wa kasuku yumo katika hatari hiyo hiyo. Deni si lake kwa asili. Alilifanya mtegaji, akalikuza mnunuzi, na wote tuliosimama mbele ya tundu tukacheka tuliongeza senti zetu. Yeye amejitolea kulilipa. Lakini je, mbuzi wa kasuku ni nini, ambaye mlezi anaweza kumla kwa siri? Ni mapenzi yake. Kasuku aliyevunjwa kundi humchagua mtu mmoja, akamwandama, akamlisha kwa mdomo wake, akamlilia atokapo. Hapana jambo tamu kwa moyo wa binadamu kuliko kuchaguliwa hivyo. Mtu huweza kufungua makao ya kasuku kwa huruma, na baada ya mwaka akawa anayaendesha kwa ajili ya utamu huo. Humwita ndege begani wageni wafikapo. Humpiga picha. Humwacha peke yake katika tundu zuri ili asije akampenda mwingine. Hapo msichana wetu ana haki kabisa: askari amebadilika, gereza limepakwa rangi, na mfungwa bado anafanya kazi ile ile aliyonunuliwa kuifanya.

Kipimo ninachokiona ni hiki: ndege amerudishiwa nini katika vile alivyonyang'anywa? Msitu hawezi kurudishiwa. Anga anaweza kurudishiwa kidogo, kwa kizimba kirefu cha waya ambamo mabawa yatapiga mara kumi kabla ya kugeuka, badala ya tundu ambamo hayawezi hata kukunjuka. Kutafuna anaweza kurudishiwa, kwa matawi mabichi yaliyowekwa upya kila wiki. Lakini kilicho kikubwa kuliko vyote ni mwenziwe. Kasuku wa kijivu huishi na mwenzi mmoja, na akiwekwa na ndege wengine kwa uangalifu na bila haraka, maana hapo mwanzo huweza kuumizana, mara nyingi hujifunza tena kuwa ndege. Siku moja mlezi huingia na bakuli, na yule aliyekuwa akimkimbilia kila asubuhi hamkimbilii. Yuko juu, kwenye kijiti cha mwisho, ameinamisha shingo akichanuliwa manyoya na mwingine, wala hageuki. Hiyo ndiyo siku ya ushindi, na nasadiki kwamba ni siku chungu. Mwokozi asiyeweza kuitamani siku hiyo na atafute kazi nyingine, au afuge mbwa, ambaye kumpenda mtu ni asili yake.

Wanaovutiwa na wema huu hupenda kuufikiria kwa moyo, na ni haki waufikirie kwa mikono pia. Kila ndege mpya hutengwa na wenziwe kwa siku 30 au zaidi, na huchunguzwa, maana baadhi ya maradhi ya kasuku huua ndege wengine, na mojawapo huambukiza watu mapafuni. Kizimba husuguliwa kila siku. Alizeti peke yake, ambayo wengi huwalisha wakidhani ndiyo ada, huwanyima madini ya mifupa na vitamini. Wanahitaji majani ya terere na sukuma wiki, boga, karoti, papai, na kokwa kwa kiasi. Makadamia ya mashamba yetu huwafaa. Parachichi, ambalo hapa huanguka chini ya miti mpaka tunawapa nguruwe, ni sumu kwao, wala kipande kimoja si cha kujaribia. Moshi huwadhuru kuliko unavyotudhuru sisi, na kikaango kisichoshika chakula, kikiachwa motoni kikapita kiasi, hutoa mvuke uwezao kumwua ndege aliye chumba cha pili. Usiku wa Julai wanataka pahali pasipopitwa na upepo. Haya yote ni kwa ndege mmoja, na hayana likizo.

Tena wanakuja na yale waliyoyasikia. Mwaka 2020, katika bustani moja ya wanyama huko Lincolnshire, Uingereza, kasuku watano wa kijivu waliotolewa na wenyewe watano mbalimbali waliwekwa chumba kimoja. Wakafundishana matusi, na kila mmoja alipotukana wengine walicheka kwa sauti za watu, hata ikabidi watenganishwe. Habari hiyo ilichekesha dunia nzima, na mimi ilinichekesha. Lakini fikiri upande wa pili: kila tusi lina nyumba lilikotoka. Mlezi wa kasuku husikia kikohozi cha mtu aliyekwisha kufa, mlio wa simu ya nyumba iliyouzwa, jina la mtoto likiitwa kwa hasira. Hana ruhusa ya kuyafuta, na hana wa kumwuliza.

Jambo gumu kuliko yote, hata hivyo, halimo kizimbani, liko njiani. Mtu anasimama penye kituo cha magari na boksi lenye matundu, na ndani yake yumo kasuku mchanga, macho bado meusi kwa utoto, bawa limekatwa vibaya, kifua kinapanda na kushuka. Bei inatajwa. Mwenye huruma ataingiza mkono mfukoni, na atajiambia kwamba anamkomboa. Lakini fedha ile inanunua vitu viwili: kasuku huyu, na kasuku wa mwezi ujao, kwa maana mtegaji hajui sababu ya mnunuzi, anajua tu kwamba boksi limerudi tupu. Huruma iliyotumika hivi ni yule kasuku aliyefungwa kwenye tawi: sauti yake ni njema, na chini yake kuna ulimbo. Mimi nasema asinunue. Atoe habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ndege achukuliwe pasipo malipo. Nalisema hili nikijua kwamba afisa huenda akachelewa, na muuzaji akaondoka, na kasuku yule akafa usiku ule. Ndege aliye mbele yako hana habari ya hesabu zako. Atakayekataa kununua na akatae akiwa anamtazama, wala asijifanye kwamba kukataa kwake hakukugharimu maisha ya yeyote.

Najua pia swali ambalo baadhi yenu mnalo tangu ukurasa wa kwanza, na ni swali la haki. Katika kaunti hii wako watoto wanaorudishwa nyumbani kwa karo, na Mbeere mvua ikikosa misimu miwili watu hupanga foleni ya chakula. Je, ni wakati wa kumkatia kasuku papai? Siamini kwamba ndege na mtoto wana uzito mmoja, na mtu akichukua karo ya mwanawe akajenga kizimba, nitamlaumu mbele ya watu. Lakini mwenye madeni mawili halipi moja kwa kulikana la pili. Njaa ya Mbeere haikusababishwa na kasuku, wala haitaisha kwa kumwacha ajinyonyoe. Ninachokidai kwa mlezi wa kasuku ni kwamba ajue kiasi chake. Mwenye uwezo wa ndege sita akimpokea wa saba kwa kuona haya kukataa, amewaibia wale sita. Na makao mengi ya namna hii, ya mbwa, ya paka, ya ndege, huharibika kwa njia hiyo, kwa mtu mwema asiyeweza kusema hapana, mpaka vizimba vyake vikawa vibaya kuliko vile alivyowatoa viumbe wake.

Na hesabu ya mwisho ni ya miaka. Mtu wa miaka 50 akimpokea kasuku wa miaka kumi, inawezekana kabisa kwamba atakufa kabla yake, na ndege aliyekwisha kuhama mara tatu atahama mara ya nne. Kwa hiyo kazi hii, tofauti na kufuga kuku, huanza kwa kumtafuta mrithi: kijana mmoja au wawili ambao tangu sasa huingia kizimbani, wakajulikana kwa sura na kwa sauti, na ambao wamekubali kwa maneno yao wenyewe, si kwa kukadiriwa. Wanafunzi wangu walistaajabu nilipowaambia kwamba mlezi hodari huandika wasia wa ndege zake, nao wakacheka kidogo. Nikawaeleza umeandikwa nini ndani yake. Kwanza nakala ya kibali. Kisha jina la kila ndege, na umri wake kwa kadiri ujulikanavyo. Chakula anachokula na anachokikataa. Maradhi aliyopata kuugua na daktari aliyemtibu. Maneno anayoyasema, na ni neno lipi husema akiwa na hofu. Na mwishoni, kwa herufi kubwa ili asiyesoma kwa makini asipitwe, jina la mwenziwe ambaye asitenganishwe naye.